Siku Nilipoing'arisha Bastola ya Babu Maganga

Jambo hili wengine wamelisimulia zaidi kuliko mimi, na kila anayelisimulia huongeza chumvi yake, mpaka siku moja nimekaa kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni, mtu asiyenijua akanieleza mimi mwenyewe habari ya karani mmoja wa mtaa wetu wa Ng'ambo, hapa Tabora, aliyejipiga risasi ya paja mbele ya mwalimu wa dini. Sikujipiga risasi. (Laiti ningejipiga, paja hupona.) Basi leo nalieleza mimi mwenye aibu yangu, lilivyokuwa, na mkitaka kucheka chekeni hapa mwanzoni, maana huko mbele sioni cha kuchekesha.

Wakati ule Mwingereza ndiye aliyekuwa ameishika nchi, nami nilikuwa karani wa vifurushi pale stesheni ya Tabora, mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, suruali imepigwa pasi mpaka ukiigusa unaogopa itakukata, kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ilikufa zamani lakini ilikuwa na kifuniko kinachometameta. Hapakuwa na barua ya boma iliyoingia mtaani kwetu bila kuletwa kwangu niisome. Chuo cha Kurani nilikuwa nimekitoroka mapema nikaingia shule ya serikali, kwa hiyo kwangu mimi herufi zilikuwa zile za Kizungu tu, na nyingine zote niliziona kama nakshi za mlangoni.

Baba yangu, Mzee Kasele, alikuwa seremala. Macho yalikuwa yamemwisha kwa miaka sita, lakini ukimpa kiti kibovu alikipapasa akakuambia kimevunjika wapi, na mara nyingine akakuambia ni nani aliyekitengeneza. Yeye ndiye aliyerithi bastola. Ilikuwa ya babu yangu, Maganga, aliyekuwa mnyapara wa wapagazi zile siku ambazo pembe za ndovu zilitoka hapa mpaka pwani juu ya mabega ya watu, miezi na miezi, na baba alitusimulia habari ya hiyo bastola kwa maneno yaleyale kila mara, hakuongeza wala hakupunguza.

Kulikuwa na tajiri mmoja Mwarabu, Salum, mwenyeji wa hapahapa Tabora. Msafara wake ulipokuwa unarudi kutoka pwani, ndani ya Mgunda Mkali, lile pori ambalo maji yake ni ya kubahatisha, tajiri akashikwa na homa, na wapagazi walipoona hasimami tena walitupa mizigo wakatoroka. Babu Maganga na wenzake wawili wakamfungia machela wakambeba siku tano mpaka Tura. Huko Tura ndiko alikofia. Lakini kabla hajafa aliomba bastola yake, akachukua kisu, akaandika kwa ncha ya kisu, mwenyewe, akiwa amelala, juu ya kibamba cha fedha kilicho chini ya mpini, kwamba Maganga hakumwacha na kwamba bastola ni yake. Hivyo ndivyo baba alivyoambiwa na baba yake, na baba yake alisomewa na mwalimu mmoja ambaye naye alikwisha kufa.

Sasa mjini watu walikuwa na hadithi yao nyingine. Walisema Maganga alimwacha tajiri porini angali hai, akamchukulia bastola, akaingia nayo mjini akitembea kifua mbele. Ukoo wa Salum ulikuwa mkubwa na babu alikuwa mnyapara wa wapagazi tu, nani angemsikiliza? Aliificha. Baadaye Wajerumani walipokusanya bunduki za watu akaizika kabisa, ndani ya chungu kilichojaa nta ya nyuki kutoka Ipole, chini ya mafiga, na ikakaa humo miaka. Lakini maneno ya watu hayakuzikwa. Mimi nimeitwa mjukuu wa mwizi kisimani kabla sijaota meno ya ukubwani. Dada yangu Zena alichumbiwa na watu wema kabisa, siku zikapangwa, halafu wale watu wakapita kuuliza uliza, na hawakurudi. Mwishoni aliolewa mbali, Choma, kwa mtu mzima mwenye wake wawili, na siku anaondoka baba alikaa karakanani akilipiga randa ubao mmoja mpaka ukaisha.

Ndipo boma likatangaza kwamba mwenye silaha ya kizamani ailete, na ikiwa fundi wa bunduki ataandika kwamba ni kitu cha ukumbusho tu, haifanyi kazi, mwenyewe ataachiwa. Baba aliposikia akaniita. Akasema wakati umefika. Akamtumia ujumbe Bwana Seif, mjukuu wa yule tajiri, mtu wa makamo aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko, wakakutana wawili peke yao, na walipotoka walikuwa wamekubaliana. Fundi ataletwa barazani kwetu aipime, na mwalimu mmoja aliyekuja kutoka Ujiji, asiye wa upande wetu wala wao, atayasoma yale maandishi mbele za watu. Kama yanasema kama baba anavyosema, Bwana Seif atasimama msikitini siku ya Ijumaa amtakase Maganga. Kama sivyo, bastola itarudi kwa akina Salum na baba ataomba radhi. Siku ikawekwa, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri.

Jumatano baba akanikabidhi. Ilikuwa imeviringwa kitambaa cha marekani, na ndani yake ni kitu cheusi, kizito, kimegandamana na nta na vumbi la miaka, ungedhani kijinga cha kuni kilichotolewa motoni.

"Wewe ndiye utakayeishika mbele ya watu, maana mimi macho sina," akaniambia. "Usiilowanishe, usiichokonoe. Nta ndiyo iliyoiweka. Fundi ataitoa mwenyewe."

"Nimesikia, baba," nikasema.

Na kweli nilikuwa nimesikia. Asije mtu akasema sikuambiwa.

Alhamisi asubuhi nikaomba ruhusa kazini. Baba alikuwa amekwenda kukaa na rafiki yake Gongoni, alikuwa hatulii nyumbani, na mimi nikakaa uani naitazama ile bastola nikaanza kuona haya. Nikawaza mwalimu wa Ujiji, na Bwana Seif na kanzu zake zinazonukia udi, na watu wote watakaosimama mpaka barabarani, halafu mimi, karani, nafungua kitambaa natoa kitu kama kisiki. Nikasema moyoni, hapana, nitaipangusa kidogo tu kwa juu.

Mke wangu Mwajuma alikuwa anachambua mchele. Akaniona navuta jiko la mkaa.

"Baba si amesema usiiguse?"

"Amesema nisiichokonoe. Hii si kuchokonoa, hii ni usafi."

"Ramadhani," akaniita kwa jina.

"Mke wangu, kuna mambo ya vitu vya kale ambayo huyajui." (Mimi nilikuwa nayajua kutoka wapi, jamani? Kitu cha kale pekee nilichowahi kukishughulikia kilikuwa mizani ya stesheni.)

Basi nikaishika kwa koleo nikaiweka juu ya makaa nta iyeyuke, nikawa naigeuza kama hindi la kuchoma, mdomo wake mara unatazama ukuta, mara unamtazama Mwajuma na ungo wake wa mchele. Nta ikatiririka ikanuka vizuri, nyumba nzima ikawa kama kanisa la wamisheni. Chini ya nta chuma kilikuwa na rangi ya kahawia, nami nikaona ile rangi ni kutu. Nikachukua mchanga laini, majivu, ndimu, na kipande cha gunia, nikasugua. Nilipoona chuma kinaanza kuwa cheupe nikapata wazimu. Mwajuma akanipa mgongo akaingia ndani.

Kwenye mtutu, kwa juu, palikuwa na maandishi, herufi za Kizungu, chache, na taji dogo. Nikajiambia haya ndiyo, haya ndiyo maneno yenyewe, na nikayazunguka kwa uangalifu mno, kwa ncha ya kijiti kilichofungwa pamba, nisiyaharibu. Najua, najua. Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba yako kwenye kibamba cha fedha chini ya mpini, lakini masikio ya mtu anayejiona msomi yanaingiza anachotaka. Nilipokigeuza kile kibamba nikakuta kimekuwa cheusi, na juu yake kuna mikwaruzo, myembamba, mingine imelala mingine imesimama, kama vile kuku amepita. Nikaona kibamba cha fedha hakistahili kuwa na mikwaruzo. Hicho ndicho nilichokisugua kuliko vyote. Kwa mchanga, kisha majivu, kisha majivu tena. Adhuhuri ikaadhiniwa kibamba kinang'aa mpaka nikajiona ndevu zangu ndani yake, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Nikaiviringa katika kitambaa kipya, cheupe.

Alasiri watu wakajaa. Baraza letu lilikuwa dogo, kwa hiyo walisimama mpaka barabarani, mafundi wenzake baba, wauza kahawa, majirani, na watu wawili watatu waliokuja na baiskeli kutoka Sikonge waliosikia tu kwamba kuna jambo. Baba alikaa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe, mikono juu ya mkongojo. Bwana Seif akaja, akainama, akasema, "Shikamoo, Mzee Kasele," na baba akaitika, "Marahaba, mwanangu," wakashikana mikono muda mrefu. Mwalimu wa Ujiji akaketi katikati yao. Fundi wa bunduki alikuwa Kalasinga mmoja, Fundi Mohan, mtu wa maneno machache, amekuja na kimkoba cha vyombo na miwani ya kukuza aliyoifunga jichoni kwa uzi.

Nikaleta. Nikakifungua kile kitambaa polepole, nikijua ninachofanya, na jua la alasiri likaipiga ile bastola, watu wakasema "Aaa!" Jamani, ile sauti. Nikaisikia mpaka tumboni.

Fundi Mohan akaipokea. Hakusema "Aaa." Akaisogeza karibu na jicho, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya mtutu kama mtu anayepapasa kidonda.

"Nani amesugua hii?"

"Mimi!" nikasema, na nikasema kwa sauti ya kufika barabarani. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mchanga, majivu na ndimu!"

Akavua ile miwani akanitazama.

"Bwana, umeichuna," akasema. "Ile rangi ya kahawia haikuwa uchafu, ilikuwa ngozi yake. Ndiyo ilikuwa inaizuia kutu isiingie ndani. Chuma kizee hakisuguliwi. Kitambaa laini, mafuta kidogo, basi. Ile nta mliyoipaka ilikuwa dawa nzuri kabisa, aliyeipaka alikuwa na akili."

Watu wakacheka kidogo. Nami nikacheka, nikidhani hiyo ndiyo aibu yangu ya siku hiyo imekwisha pita. Baba hakucheka. Aligeuza uso wake upande wangu, akaacha mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia mlango unafunguka mahali ambapo hapana mlango.

Fundi akaendelea na kazi yake. Akaeleza kwamba ni bastola ya gumegume, ile inayowashwa kwa jiwe, kwamba mtutu wake umetoka Ulaya lakini mpini umetengenezwa upya pwani kwa mti wa huku, kwamba ni ya zamani kuliko yeyote aliyekaa pale. Kisha akatoa ufito mwembamba wa chuma, akautumbukiza mdomoni mwa mtutu mpaka ukagota, akaushika kwa kidole mahali ulipoishia, akautoa akaulaza kwa nje, ubavuni mwa mtutu. Ulikuwa mfupi. Kutoka mdomoni mpaka pale kidole kilipo, ulipungua kama vidole viwili usifike mwisho wa mtutu. Akapima tena. Kisha akaiweka bastola chini taratibu sana, mdomo umeelekea ukutani.

"Ina risasi ndani," akasema. "Na baruti yake. Haijatolewa tangu siku iliposhindiliwa."

Mimi nikaiona asubuhi yangu yote mara moja, lile jiko, makaa mekundu, Mwajuma na ungo. Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe, wengine waliruka ua, na mimi sijui nilifikiri nini, najua tu kwamba nilirudi nyuma nikalikanyaga birika la kahawa, kahawa yote ikanimwagikia kwenye suruali kutoka kiunoni kwenda chini (nanyi mnajua kahawa kwenye suruali inafanana na kitu gani), nikaanguka, nikatambaa, na nilipotulia nilikuwa nimejibanza nyuma ya mtu mmoja aliyekuwa bado ameketi, nimemshika mabega.

"Nani huyu?" yule mtu akauliza.

Alikuwa baba. Alikuwa ndiye pekee asiyesogea, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma yake.

"Ni mimi, baba."

Hapo ndipo wanaponichekea mpaka leo, na pale ndipo hadithi za kinyozi zinapoishia. Barabara nzima ilicheka. Hata Bwana Seif alificha mdomo kwa mkono. Fundi Mohan peke yake hakuwa na habari na mtu, alikwishamwaga maji kidogo ndani ya mtutu, akangoja, akachukua chombo chenye ncha ya kujisokota akavuta, na baadaye kidogo risasi ikatoka, ya mviringo kama gololi, ikagonga sahani ting', na unga mweusi uliolowana ukafuata. Watu wakarudi mmoja mmoja, wananitazama suruali.

Mwalimu wa Ujiji akasema, "Alhamdulillahi. Sasa tusome."

Nikajikaza. Nikaenda mbele na kahawa yangu miguuni, nikaichukua bastola, nikamwonyesha juu ya mtutu. "Haya hapa, mwalimu. Nimeyatunza vizuri."

Akatazama. "Hizi ni herufi za Kizungu, mwanangu. Nafikiri ni alama ya aliyeitengeneza."

"Chini ya mpini," baba akasema kutoka kitini. "Kwenye kibamba cha fedha."

Mwalimu akaigeuza. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule, akamwomba fundi ile miwani. Nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikakiona kile kibamba, kitupu, kinang'aa, na ndani yake uso wa mwalimu, na mimi nikajua. Sikungoja aseme.

"Hapana kitu hapa," mwalimu akasema polepole. "Palikuwapo. Naona kama alama ya mstari, pale pembeni, pengine nukta. Lakini pamefutwa. Pamefutwa karibuni."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Seif akasimama. Hakupaza sauti.

"Mmefuta," akasema.

"Bwana Seif, wallahi, mimi nilidhani ni..."

"Umesema mwenyewe mbele ya watu wote hawa. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mtu anafutaje maneno yanayomsifu babu yake?"

Mtu nyuma huko akasema, si kwa sauti kubwa, "Mwizi huzaa mwizi." Mwingine akamwambia nyamaza. Lakini hakusema kwamba si kweli.

Baba akanyoosha mkono. "Nipeni."

Mwalimu akampa. Baba aliishika kama mtu anayejua uzito wake, akaigeuza, na kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja chini ya mpini. Sikujua, hakuwahi kuniambia, kwamba alipokuwa mdogo babu alikuwa akiifukua mara moja moja na kumwachia apitishe kidole pale, na kwamba alikuwa akiyajua yale maandishi kwa kidole kama ninyi mnavyojua uso wa mama yenu. Kile kidole kikaenda. Kikarudi. Kikaenda tena, polepole, mpaka ukingoni, kikatafuta, kikarudi. Sisi sote tulisimama tukikitazama kidole cha mzee. Nimeshahudhuria mazishi mengi tangu wakati ule na sijaona kitu kama kile.

"Ni laini," akasema baba.

Kisha akainuka. Nilitaka kumshika mkono akaukwepa, si kwa hasira, aliukwepa tu. Akamwendea Bwana Seif kwa kufuata sauti yake, akampa bastola kwa mikono miwili.

"Tulikubaliana," akasema. "Hii ni yenu. Na ninaomba radhi kwa niaba ya marehemu baba yangu, Maganga."

Fundi Mohan alikuwa anafunga kimkoba chake, akasimama nacho mkononi, hakujua atazame wapi. Mwalimu akasoma dua fupi. Watu wakaondoka bila kuagana, na jioni ilipoingia Tabora yote ilikuwa inajua kwamba Mzee Kasele amekiri.

Yaliyofuata hayana mengi. Watu waliacha kuniletea barua zao. Kazini walinipa jina, sitalitaja. Zena alipopata habari alikuja kutoka Choma, safari ya siku nzima, akaingia, akamwamkia baba, akala, kisha akanifuata uani akaniuliza neno moja tu, "Kwa nini?" na nilipoanza kumwambia habari za watu, na kanzu, na kisiki, alinyanyua mkono ninyamaze, akarudi zake kesho yake.

Baba aliacha kukaa barazani. Randa aliitundika. Hakunigombeza hata siku moja, na mtu asiyewahi kunyimwa kugombezwa hajui kwamba nako ni adhabu. Mvua za masika zilipoanza alilala, na siku moja mchana, Mwajuma amekwenda kuteka maji, nikapiga magoti karibu na kitanda nikamwambia lile nililokuwa nalo.

"Baba, sikujua. Nilidhani ni mikwaruzo tu."

Akageuza uso wake upande wangu.

"Ilikuwa mikwaruzo," akasema. "Mtu anayekufa haandiki vizuri."

Nikamwambia na lile jingine, kwamba sikusugua kwa ajili yake wala kwa ajili ya babu, nilisugua nipate kuonekana. Akatafuta kichwa changu kwa mkono, akakipata, akauacha mkono pale. Ulikuwa mzito. Siku ya nne yake alifariki.

Matangani alikuja Bwana Seif. Nilimwona anavua viatu mlangoni, na watu wakampisha, wengine wakitazama kama nitamfukuza, lakini nguvu hizo ningezitoa wapi. Alikaa na wenzake, akasoma, akala kidogo, na watu walipopungua akaja akaketi karibu yangu pale nje, juu ya mkeka. Mvua ilikuwa imekatika, udongo wa uani umelowa, laini.

"Ramadhani," akasema, "watu wanadhani siku ile nilikwenda kwangu nikifurahi."

Nikamsogezea kikombe cha kahawa.

"Babu yangu hana kaburi tunalolijua. Hakuacha barua, hakuacha chochote kilichoandikwa na mkono wake. Mimi nilikuja barazani kwenu kusikia alisema nini. Kama maandishi yake yangeonyesha kwamba baba yako ni mkweli, ningesimama msikitini kama nilivyoahidi, na ningeona fahari. Baba yako alipotajwa siku zile kwetu, hata mama yangu alikuwa akisema, mzee yule hana uongo."

"Mbona hukusema haya siku ile?"

Akatazama mikono yake. "Watu walikuwa wengi," akasema. "Na nilikuwa nimekasirika. Sikumkasirikia babu yenu. Nilikukasirikia wewe."

Kisha akaniomba jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, wewe ndiye mtu wa mwisho kuyaona yale maandishi. Ulikaa nayo asubuhi nzima, ukiyatazama kwa karibu, kwenye mwanga. Hebu jaribu kukumbuka yalikuwaje. Si lazima ujue maana yake, yachore tu kama ulivyoyaona, mimi nitasoma.

Nikachukua kijiti. Nikainama juu ya ule udongo, na Bwana Seif akainama nami, karibu, bega lake likagusa langu, nami nikasikia anazuia pumzi. Nikachora mstari mmoja uliolala. Nikachora mwingine mfupi umesimama. Nikafumba macho nikajilazimisha kuirudisha ile asubuhi, kile kibamba, jua, lile gunia mkononi, na nilichokiona kilikuwa ndevu zangu mwenyewe zikinitazama kutoka kwenye fedha. Nikaufuta mstari, nikauchora tena mahali pengine. Bwana Seif alingoja. Alingoja muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningemngoja mtu yeyote. Mwishoni akaniwekea mkono juu ya mkono wenye kijiti.

"Basi," akasema. "Basi, ndugu yangu."

Akavaa viatu akaenda.

Mwaka ule nilikwenda chuoni kujifunza alifu, zile herufi za Kiarabu, mtu mzima nimekaa nyuma ya darasa na ubao wangu wa kuandikia, nikidhani nikizijua zile herufi huenda siku moja zitanijia zenyewe usingizini, zijipange. Hazijanijia. Lakini nimeweka nadhiri na sijaivunja: kitu cha marehemu kikiletwa mikononi mwangu, kiwe kofia, kiwe jembe, kiwe karatasi imekunjwa, sikipangusi hata vumbi mpaka nimwulize aliyenipa, tena mara mbili, na akiniambia kiache kilivyo, nakiacha, hata kama watu wote wa Tabora wamesimama barabarani wananingoja.